Treni ya Bluu ya Mama Charlotte

Asubuhi hiyo benchi ya Mama Charlotte, muuza kahawa, kando ya barabara ya Mutoshi, ilijaa kabla kahawa haijachemka. Patron Hénock, mwenye kiwanda cha shaba, alikuwa amekufa, na Mansour, dereva wa lori aliyebandikwa jina Breki kwa kuwa hakuwa nazo, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kushusha viti vya matanga kwenye villa, jumba la marehemu. Charlotte alisikiliza huku akimimina. Patron huyo ndiye aliyebomoa mtaa wao alipopanua kiwanda.

— Mule ndani muna kuta, Mansour alisema. Kuta za nyumba za bantu ba mutaa yetu! Balizikata na mashini, balizisimamisha mu salon ya bageni, na mataa juu.

— Uchawi! alisema Gael, mchimbaji waliyemwita Docteur. Kila ukuta iko na roho ya mwenye nyumba. Haba na haba hujaza kibaba, njo vile alijaza villa.

— Apana, tata, fundi redio Mukalay akamkata. Ni musée, nyumba ya makumbusho. Bazungu banalipa juu ya kuziona.

— Basi patron hakukuwa mutu, Docteur akajibu. Alikuwa mujusi. Nani mwingine anapenda ukuta?

Wakacheka. Mansour hakucheka.

— Moja iko na treni ya bluu. Mwanamuke mu dirisha anapunga kitenge ya manjano.

Birika likamponyoka Charlotte, kahawa ikazima makaa. Treni hiyo marehemu mumewe, Kabamba, aliichora kwenye ukuta wa sebule yao mwaka waliooana. Siku ya kubomoa waliambiwa yote yamekuwa vumbi. Kabamba alichakura kifusi akitafuta hata kipande cha bluu, akafa bila kukiona.

— Mama, ni weye mu ile dirisha? Mansour aliuliza.

— Ni mi. Na kile kitenge, nilimuzika nacho Kabamba.

Jémima, mwalimu mgeni kutoka Lubudi aliyekuwa amesimama akingoja kahawa, akauliza polepole:

— Kama alipenda hizi kuta, juu ya nini alibomoa nyumba?

Charlotte akaliokota birika, akaliweka juu ya benchi.

— Mansour, nipeleke, Charlotte alisema.

Kule villa hakuna aliyemzuia. Alipita jeneza bila kuligeukia, akaweka viganja viwili juu ya rangi ya bluu ya ile treni, akalia kwa sauti. Waombolezaji wakanong'ona kwamba kumbe patron alipendwa hivi, wakamletea kiti cha mbele.