Dawa Zangu Zilikuwa Zinapigana, na Mimi Nikamwonea Wivu Zawadi

Asifiwe Bwana, anayewasikia hata wasio na sauti! Ndugu zangu wa usharika, na wageni wetu, nawasalimu. Mimi ni yule wa kidato cha tatu ambaye hata "Amina" naitikia moyoni. Kusimama mbele za watu siwezi. Ndiyo maana nimeandika, kama ninavyoandika kwenye daftari langu nyumbani. Ila nyumbani huwa nalificha. Leo sifichi.

Nilizaliwa na virusi vya Ukimwi. Mdogo wangu Zawadi, mtoto wa mama mdogo, naye vilevile. Mama zetu walitangulia mbele za haki, tunalelewa na Bibi hapa Pangani. Lakini dawa tunachukulia Tanga mjini. Bibi alisema, "Hapa ukipiga chafya kule Bweni, huku ng'ambo ya mto wameshakwambia pole." Basi tunakwenda mbali tusikojulikana. Tukirudi, tunamimina vidonge kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka, kila mtu kopo lake, tunaweka pamba ili visilie mkobani. Wenye maisha kama yetu mnajua.

Mwaka juzi nilianguka darasani. Kifafa. Walimu wakanipeleka hospitali ya karibu, nikaandikiwa vidonge. Daktari akauliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?" Bibi akawahi kujibu: "Hakuna, mwanangu. Huyu hata dawa ya kichwa haijui."

Na kule Tanga akanikataza kutaja kifafa. "Kila ugonjwa na mlango wake, mke mwenzangu. Wakijua na kuanguka unaanguka, watasema mtoto ana mikosi." Nikatii. Vidonge vya kifafa nikavitia kwenye kopo lilelile, pamoja na vile vingine.

Kuanguka kukakoma, Mungu ashukuriwe! Lakini kipimo cha wingi wa virusi kikaanza kupanda. Zamani majibu yangu yalikuwa "havionekani". Sasa vikaonekana, kisha vikazidi. Na nilikuwa nameza kila siku, ndugu zangu! Kila siku! Sista wa kliniki akaniuliza, "Unazitupa wapi, chooni au mtoni?" Nikakalishwa vikao vitatu vya ushauri wa ufuasi, yaani kufundishwa kumeza dawa, mimi niliyeanza kumeza kabla sijajua kusoma. Kwa uoga wangu nilinyamaza tu, na kunyamaza kukawa ndio ushahidi. Wakaniambia virusi visiposhuka, dawa hizi hazitanifaa tena. Nilikonda, sketi ya shule nikawa naifunga kwa pini. Usiku nilijiuliza kama nitaufikia mtihani wa kidato cha nne.

Zawadi je? Zawadi kila akipima, havionekani. Kwenye klabu ya vijana ya kliniki alisimamishwa mbele akapigiwa makofi, akapewa mwavuli wa maua. Mwavuli! Wiki nzima alitembea nao hata pasipo jua. Pambio anaongoza yeye. Bibi akimtazama anacheka, akinitazama mimi anashusha pumzi. Na kilichoniunguza zaidi ni hiki: saa mbili usiku ndiyo saa yetu ya dawa. Mimi nameza, yeye anajifunika shuka analala, hagusi kopo. Nikasema moyoni, huyu hamezi anapewa zawadi, mimi nameza naitwa mwongo!

Ndugu zangu, hapa kalamu inakuwa nzito. Nilipiga magoti nikaomba virusi vya Zawadi vipande. Sikuomba vyangu vishuke. Niliomba vyake vipande. Na nikasema kwa jina la Yesu, nikasema na Amina.

Kliniki iliyofuata nikachukua kopo lake kwa siri. Yeye na Bibi walikuwa kwenye foleni ya mizani, mimi nikaenda dirisha la dawa. Mfamasia ni kaka mmoja mpole wa miwani.

"Shikamoo. Naomba uhesabu hizi za Zawadi. Hamezi."

Akahesabu, akafungua faili lake. "Zimetimia. Hakuna hata kimoja kilichozidi."

"Usiku hamezi, namwona kwa macho yangu!"

"Anameza asubuhi. Zilikuwa zinamnyima usingizi, tukambadilishia saa. Hakukwambia?"

Angeniambiaje, na mimi sikuwa nazungumza naye? Nilitamani sakafu ipasuke.

"Haya, na lako lete."

Nikamimina. Akahesabu, mara mkono ukasimama. Akaokota kidonge kimoja, akakigeuzageuza. "Hiki hatukukupa sisi. Cha nini?"

Nikageuka kumtafuta Bibi. Hakuwepo. Nikasema, "Cha kifafa."

Aliacha dirisha, akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari akanieleza: dawa ile ya kifafa inalisukuma ini liivunje dawa ya virusi kabla haijamaliza kazi. "Wewe ulikuwa unajaza ndoo kila siku," akasema, "na kidonge hiki kinaitoboa chini." Haleluya! Sikuwa mwongo! Nililia mpaka sista akaja, na alipoelezwa akaniomba radhi mbele ya watu.

Daktari akanionya nisiache hata dawa moja kwa kujiamulia, maana kukata ya kifafa ghafla kungeniangusha vibaya. Akampigia simu daktari wa huku Pangani aliyeniandikia ya kifafa. Dawa ya virusi wakaiongeza kwa muda, ile ya kifafa wakanibadilishia taratibu, wakaniletea aina nyingine isiyogombana na ya virusi. Bibi, aliyekuwa ameitwa ndani, alikaa pale anakunja ncha ya kanga. "Nilitaka kuwasitiri," akasema. Hakuna aliyemgombeza.

Baada ya miezi kadhaa nikapima. Havionekani! Zawadi alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Kigelegele kile ndicho kilichonimaliza. Nikamweleza maombi yangu yote.

"Uliomba nife?"

"Sikuomba ufe. Vipande tu."

"Vipande mpaka wapi?"

"Mpaka wakunyang'anye mwavuli."

Akacheka sana. Halafu akalia, na siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniletea chai kitandani, haina sukari, nadhani kwa makusudi. Nikainywa yote. Siku ile Bwana alinifungua, na kufunguliwa huko kulikuwa kukubwa kuliko kule kwa kipimo.

Basi ndugu zangu, kama una dawa ya mlango huu na ya mlango ule, nenda ukaziweke zote mezani mbele ya mtaalamu, hata kama mdomo unatetemeka. Mungu wangu si wa kukuonea aibu. Mtumaini!

Ushuhuda huu nilitaka katibu wa vijana awasomee. Zawadi akasema, "Yule anasoma kama anapiga mnada. Lete nisome mimi, na jina langu usilifute." Kwa hiyo sauti mnayoisikia tangu mwanzo ni yake. Mimi nimekaa kati yenu, na nawaambia kweli, mnavyomtazama hivyo wivu bado unanichoma kidogo. Niombeeni. Naye mpigieni makofi, nami napiga.