Wageni wa Kibanda cha Bukima

Benchi letu lipo mjini, mtaa wa Kitaji, ubavuni mwa banda la fundi baiskeli ambaye hajafungua tangu Pasaka. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, na mmoja akiinuka bila kuaga wenzake wanaanguka. Asubuhi Burito anatuletea birika la kahawa na sahani ya kashata, na dunia inatengenezwa upya na watu ambao nyumbani kwao hata mlango haufungi. Mugeta tunamwita Injinia kwa sababu alibeba zege siku mbili kwenye jengo la ghorofa. Ephraim ni Daktari. Aliwahi kufagia duka la dawa za mifugo. Magesa hana jina la utani, ana hasira tu, na Alhamisi hiyo alikuja nayo nzima. Mimi pia nilikuwa nayo, nisifiche, maana wavu aliokuja kuulilia nilisaidia kuushona kwa mikono yangu.

Magesa: Msinisalimie.

Burito: Na kahawa?

Magesa: Kahawa lete.

Tukamwacha amalize kikombe cha kwanza. Ana kibanda chake Bukima, ufukweni kabisa, cha mabati na matete, cha kulala wakati wa msimu wa dagaa. Msimu ukiisha anafungia humo nyavu, taa na magunia, anakuja mjini kubeba mchanga. Mkewe Debora, mama wa mtoto wao Kwangu, anabaki huko kijijini na shamba la muhogo, ufunguo wa kibanda kiunoni. Jumatatu iliyofuata ndiyo msimu ulikuwa unaanza, na Jumanne ya wiki ile Magesa alikwenda kufungua.

Magesa: Nyavu imeliwa, jamani. Sisemi imetobolewa. Imeliwa! Pale katikati mbuzi anapita na pembe zake. Wamezaa humo humo, vitoto vyekundu vimelala kwenye maboya utadhani wodi ya wazazi.

Injinia: Pole, mura, kijana wetu.

Magesa: Pole ya nini? Mwenye mtumbwi ameshasema, Jumatatu asiye na nyavu abaki nchi kavu. Na nilimwambia yule mwanamke! Nimesimama mlangoni, mkono kwenye kufuli, nikamwambia: Mama Kwangu, wageni wasiingie humu. Hata mmoja!

Daktari: Ukamwambia vizuri kabisa.

Magesa: Sasa nimemrudisha kwao Buswahili. Jana, na begi lake. Akae huko huko.

Hapo nieleze. Kwetu huku ziwani panya hatajwi mahali anapoishi. Ukimtaja anasikia, na akisikia umepanga kumtega, kesho yake unakuta amekula suruali yako ya kanisani, zile kuukuu hajazigusa. Kwa hiyo tunasema wageni. Mtu akisema nyumbani kwangu kuna wageni, tunajua anatafuta paka. Wote tulimwelewa Magesa bila kuuliza. Tena nilisema kwa mdomo wangu kwamba mwanamke asiyelinda nyavu amemtupa mumewe majini, na nilijisikia vizuri kusema hivyo.

Injinia: Mimi naona kosa ni la nguzo. Kibanda kinatakiwa kisimame juu ya nguzo nne, kila moja unaivalisha bati. Jamaa akipanda anateleza.

Burito: Hiyo kweli. Ghala la babu yangu lilikuwaga hivyo.

Injinia: Halafu nguzo unazitoa.

Burito: Unazitoa?

Injinia: Kibanda kinaning'inia. Kamba nne, miti minne. Asiye na mabawa haingii.

Magesa: Na mimi nitaingiaje?

Injinia: Unarushwa tu, mura. Haba na haba hujaza kibaba.

Daktari: Acheni ufundi, hii ni kemia. Unga wa mahindi na saruji, nusu kwa nusu. Panya anakula, anakwenda kunywa maji, tumbo linashika. Nilimkutaga mmoja Bunda, stoo ya pamba, amesimama wima, amekuwa jiwe. Mwenye stoo alimtumia kuzuilia mlango miaka miwili.

Burito: Uongo!

Daktari: Kamuulize mwenye stoo. Alishafariki.

Burito: Si mngefuga paka tu?

Magesa: Paka wa Bukima? Anashibaga dagaa mpaka anasinzia. Panya akipita wanaamkiana.

Daktari: Na hawa wa sasa wana mawasiliano. Ukitega Bukima, wa Bunda wanajua kabla ya saa sita. Mnadhani zile nyaya za umeme wanatafuna kwa njaa? Wanatuma ujumbe!

Injinia: Ndiyo maana wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimaanisha hao hao. Jembe la kisogo!

Tulicheka. Magesa hakucheka, na kicheko chetu kilizidi kumchoma.

Daktari: Lakini Magesa, mimi kwa mke wako sishangai. Mwezi uliopita nilipita Bukima, jua linawaka, nikamwomba anifungulie kibanda nipumzike kidogo. Akanikatalia! Amekaa mlangoni na panga mkononi, anasema hakuna kuingia. Mimi, niliyesimama kwenye harusi yenu!

Magesa: Mnaona? Mnaona roho hiyo? Mtu anafukuzwa, panya anakaribishwa!

Injinia: Mvumilivu hula mbivu. Panya kavumilia, kala.

Hasira ikatupanda upya. Magesa akaapa kwamba hata waje wazee wa ukoo mzima hamrudishi Debora. Akarudia, hamrudishi. Nikasema sawa kabisa, na Injinia akasema sawa kabisa.

Tulikuwa bado tunaitikiana hivyo alipotokea mama mmoja mtu mzima, kitenge kichwani, miguu imejaa vumbi la safari. Magesa alimwona akaruka wima, ubao ukainuka, Daktari akaenda chini na kikombe chake. Alikuwa Mama Ghati, mama mzazi wa Debora. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja wala hawatazamani usoni, sembuse kujibizana kijiweni mbele ya wanaume. Mama yule alilijua hilo kuliko sisi. Akageuka upande, akaongea akiwa ameelekea ukuta wa fundi baiskeli.

Mama Ghati: Hamjambo, wanangu. Baba Kwangu, nisamehe, najua sina adabu kukufuata hapa.

Magesa: Shikamoo, mama.

Mama Ghati: Marahaba. Mwanangu amefika na begi lake. Sijaja kugomba. Ulisikia nilipowaletea karanga Bukima, wewe ukiwa huku mjini? Siku ile mvua ilinikuta pale ufukweni. Nikamwambia Debora, fungua hiki kibanda tujisitiri. Akalia. Ameshika ufunguo, analia, ananiambia mama, Baba Kwangu amekataza wageni, hata mmoja. Akasimama na mimi pale nje. Tulinyeshewa wote mpaka mvua ikakatika.

Magesa alitazama viatu vyake.

Mama Ghati: Na yeye mwenyewe hakuingia humo. Miezi yote mitatu uliyokuwa huku mjini. Dada zako wanamwitaga mgeni mpaka leo, na mwaka wa sita huu tangu umuoe. Aliogopa, labda na yeye umemhesabu humo humo.

Magesa: Mama, wageni ni... mimi nilikuwa nasema wale...

Kibanda kiko Bukima, sisi tuko Kitaji katikati ya mji, gari zinapita, na bado neno alilolitamka kijiweni tangu asubuhi lilimshinda mtu mzima mbele ya mama mkwe wake. Injinia ndiye aliyemsaidia, kwa kunong'ona.

Injinia: Panya, mama. Huku hatumtaji anapoishi, asije akasikia.

Mama Ghati: Panya? Kwetu Buswahili panya tunamwitaga panya. Tunamtaja jina lake na tunamuua.

Akavuta kitenge chake vizuri.

Mama Ghati: Basi, Baba Kwangu, nina swali moja tu. Debora amesema nikimpelekea jibu la kuridhisha kutoka kwako, kesho anapanda gari anarudi. Wewe uliogopa panya asikie. Sasa mke wako ulitaka asikie nini?

Magesa akatugeukia sisi. Injinia akawa anachunguza matofali ya benchi, Daktari alikuwa bado chini na hakuonyesha dalili ya kuinuka. Magesa akaniangalia mimi, niliyesema sawa kabisa mara mbili tatu asubuhi ile. Nilikuwa bado na hasira, tena nyingi kuliko mwanzo, ila Debora hakuwemo tena ndani yake.

Mama Ghati alingoja. Alipochoka kusimama akaketi kwenye ubao wetu, pale pale alipokuwa amekaa Magesa, akatupa mgongo, akasema hana haraka, atasubiri. Burito akammiminia kahawa, akampa kwa mikono miwili. Birika lilikuwa bado zito, na Magesa alisimama palepale mpaka kahawa ya mama yule ikapoa.