Bendera za Kwenye Simu Hazishangilii

Sitara wangu ndiye nahodha mpya wa timu ya taifa ya netiboli! Kocha kampigia asubuhi hii. Mlikuja kumuaga mchezaji anayekwenda kambini, sasa mnamuaga nahodha. Mnisamehe kulitanguliza, maana MC alitaka nisubiri zamu yangu na lilikuwa linanipasua kifua.

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa mtaa wetu, Ndugu Filbert. Masheikh na wachungaji. Ndugu wageni waalikwa. Wenye maduka, wamachinga, wapagazi, na ninyi wa ghorofani mnaochungulia dirishani badala ya kushuka: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, wakubwa wangu shikamooni.

Wengi mnanijua, Mama Sitara wa mabeseni na ndoo. Shule yangu iliishia darasa la saba, na ya mwanangu ilianzia kwenye ndoo zangu. Nani hakumbuki alivyoning'iniza ndoo isiyo na kitako kwenye nondo za dirisha la Ndugu Ammar, akawa anatupia mpira mpaka tunafunga biashara? Ammar alifoka kila siku kwamba mtoto atamvunjia kioo. Leo Ammar huyohuyo kabandika picha ya Sitara dukani, na wateja anawaambia kamlea yeye. Sikatai, baba. Umemlea, kwa kufoka.

Sasa nije kwenye langu. Leo mnamkabidhi mwanangu bendera, tena nzuri, ya kitambaa. Lakini watu wangu, mbona ya kitambaa mmetoa moja, na zile za kwenye simu mnazimwaga kama mchanga? Mtu anauza viazi mtandaoni, bendera. Kijana anaandika jina lake, pembeni bendera, utadhani balozi, kumbe hajavuka hata na pantoni kwenda Kigamboni. Tukibishana na jirani zetu wa Kenya nani anajua pilau, bendera zinarushwa kama mawe. Na siku ile mabinti zetu walipocheza na Uganda hapahapa mjini, kundi letu la WhatsApp lilijaa bendera mpaka simu yangu ikatetemeka mezani, ikadondokea kwenye beseni.

Aliyeongoza ni Mwenyekiti. Bendera yetu na ya Uganda zimekaa karibu kwenye simu, naye kwa haraka zake akabonyeza ya wenzetu, mstari mzima, chini akaandika kwamba yuko bega kwa bega na mabinti zake. Usiiname, Mwenyekiti. Angalau Waganda walipata shabiki Kariakoo.

Ila hawakuwa na shida ya mashabiki. Walikuja basi zima, na ngoma zao. Upande wetu alikuwepo nani? Mimi, jirani yangu Candida wa chai, na bwana mmoja aliyeingia kukwepa jua. Tulifungwa. Sitara hakulia, aliniuliza tu, "Mama, mbona nyumbani kwetu nimeimbiwa nyimbo za wageni?" Nikampa simu aone mtaa mzima ulivyo naye. Akaitazama, akanirudishia. "Hizi sikuzisikia, mama."

Ninyi wasomi mngejibu nini?

Mimi nakumbuka tulivyofundishwa: kijani ni ardhi, njano ni madini, bluu ni maji, nyeusi ni watu. Basi siku ile ardhi ilikuwepo, maji wachezaji walikunywa, madini tuwaachie wenyewe. Kilichokosekana ni ile nyeusi, na hiyo haibonyezwi kwa kidole gumba, hiyo inapanda gari inakuja.

Na msiseme hamjui heshima. Jioni filimbi ikilia kituo cha polisi, bendera inashushwa, mpagazi anasimama na gunia lake kichwani, mwizi anasimama, na anayemkimbiza mwizi naye anasimama. Ya kwenye simu nani anaisimamia? Mtu anaituma kalala. Mwingine anaituma yuko chooni, samahani mgeni rasmi.

Unahodha mwanangu ameupokea. Lakini asubuhi hii ameniambia bila kunificha: wakirudiana na Uganda hapa nyumbani na viti vikawa vitupu tena, ataurudisha kwa kocha, atakuja kuuza ndoo nami. Msicheke. Ndoo zinalisha watu, ila mikono ile Mungu hakuiumbia ndoo. Nikamwapia, huku kocha anasikia kwenye simu, kwamba safari hii Kariakoo inakuja. Nimewasemea bila kuwauliza, mama ndivyo alivyo. Sasa aibu yangu iko mikononi mwenu. Mkiniangusha mimi nitanyanyuka, nimezoea. Mkimwangusha yeye, hizo bendera zenu mtamtumia nani?

Mgeni rasmi, ahsante kwa kuacha ofisi yako kwa ajili ya mtoto wa muuza mabeseni. Mwenyekiti, ahsante kwa kitambaa na kwa soda. Ammar, kwa kioo ambacho hakikuvunjika. Nyote mmenipa masikio yenu, nashukuru. Sasa naomba na miguu. Njooni na ngoma, vuvuzela, hata masufuria, nami ndoo nitaleta za kupiga. Maduka yafungwe mapema, simu zikae mfukoni. Marudiano na Uganda ni Uwanja wa Ndani, kule Taifa, saa tisa alasiri, Jumamosi ijayo, tarehe kumi na nne.