Mama Christine Kaviha Dzombo, Aliyechora Durban Akiwa Minjila

Wewe uliyeshika karatasi hii, usikimbilie kuangalia chakula ni saa ngapi. Na usijifanye hukumcheka. Wengi wenu mlioketi hapa mlipita kwa Mama Christine mkaona amechora barabara za Durban, mkamuuliza mbona hachori Garsen, kwani punda wetu wana kasoro gani. Hakuwajibu. Leo mtajibiwa, kwa sababu yeye alikuwa na adabu, na familia imechoka.

Marehemu Christine Kaviha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964 huko Marafa, mtoto wa tatu wa Mzee Kalama. Alikuwa bado anabebwa mgongoni wazazi wake walipohamia Minjila kutafuta ardhi ya kulima.

Alisoma shule ya msingi hapa karibu na Garsen, akamaliza darasa la saba mwaka 1979. Akaishia hapo, maana zamu ya kuendelea ilikuwa ya kaka yake Mwaringa. Hakuna aliyemuuliza yeye alitaka nini.

Kazi alijifundisha mwenyewe. Aliandika mabango ya maduka Garsen nzima, na bango lake la bucha moja lilileta kesi. Mfugaji mmoja, Mzee Jilo, alisimama mbele ya lile bango akamtazama ng'ombe aliyechorwa, pembe moja imepinda, baka jeupe usoni, kisha akaingia ndani na fimbo. "Huyu ni wangu. Nani amemchinja?" Ikabidi Christine aitwe aeleze kwamba alimwona huyo ng'ombe mtoni, ng'ombe akanywa maji akaenda zake. Mzee hakuridhika mpaka alipoenda kumwona zizini kwa macho yake. Tangu hapo alimwita Christine "mwizi wangu", na maziwa akawa anamletea.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa kanisani Garsen na Philemon Dzombo, fundi wa baiskeli. Wakajaliwa watoto watatu: Linda, Elvis na kitinda mimba Griffin.

Griffin ndiye aliyeondoka. Februari 2018 alienda Durban na wenzake kufanya kazi ya ujenzi, na kila Jumapili alikuwa akipiga simu. Desemba 2020 alimwambia mama yake kwamba anahama nyumba, atampigia kwa namba mpya. Hakupiga. Namba ya zamani nayo ikawa haipatikani. Familia iliuliza kila mahali pa kuuliza, ikaambiwa isubiri.

Mama Christine hakuzima simu tena. Kanisani ilikaa mapajani, shambani aliifunga kifuani kwa leso. Ikilia wakati wa kula, sahani ilipinduka. Na kama ni mtu wa kumwambia ameshinda bahati nasibu, mtu huyo alijuta kuzaliwa.

Elvis, kwa kutaka kumtuliza mama, akamwonyesha ukurasa mmoja mtandaoni ambapo watu huweka picha za mitaa ya miji yao ili wachoraji wazitumie. Linda akamletea rangi za maji na karatasi nzito kutoka Mombasa. Wote wakadhani sasa amepata kitu cha kumsahaulisha. Kumbe anatafuta. Ukiitazama tu picha ya mtaa, alimwambia Linda siku moja, macho yanaruka. Ukiichora, ni lazima umpitie kila mtu: anayevuka, anayengoja basi, anayechungulia dirishani. Aliikuza picha kwenye simu mpaka nyuso zikavunjika vipande vipande, ndipo akashika brashi. Rangi alizichanganya na maji ya mto, na hata akiyaacha yatulie, udongo ulibaki. Kwa hiyo mbingu zake za Durban zina wekundu kidogo. Watu wakasema hajui kuchora mbingu.

Mwaka 2022 alimpata. Kwenye picha moja mwanamume anaonekana kwa nyuma, anavuka barabara na begi, bega la kushoto liko chini, kama la Griffin tangu alipoanguka na pikipiki. Mama Christine alimchora, karatasi mbili zikaharibika. Linda akamwandikia mwenye picha kumuuliza aliipiga lini. Jibu lilikuja la adabu: 2011. Mwaka huo Griffin alikuwa anasoma hapa Garsen, amevaa kaptura. Linda alikaa na hilo jibu siku nzima akiogopa kulisema. Aliposema, mama yake aliitazama ile picha tena, kisha akasema, "Mtaa si ni uleule? Labda alipita baadaye." Akaendelea kuchora.

Kisukari alikuwa nacho, na 2023 kikaingia machoni. Kufa hakukuogopa, aliogopa upofu. Kila asubuhi alijipima kwa kuhesabu mbuzi wa jirani akiwa mlangoni, mpaka jirani mwenyewe, Mama Beryl, akaanza kuwafungia mbuzi wake kwa wasiwasi. Mafuriko ya 2024 yalipoingia, alitoka na simu na picha zake kichwani, unga akauacha. Philemon alimgombeza njia nzima. Akamjibu kwamba unga unauzwa dukani.

Februari mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa Malindi. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, Linda akiwa amemshika mkono.

Juzi, familia ilipokaa kuandika karatasi hii, ilikwama kwenye jina moja. Kaka yake Mwaringa alitaka Griffin awekwe na waliotangulia, watu walie mara moja wamalize, kwa vile nyumba haiwezi kuishi na matanga nusu.

"Mjomba," Linda akamuuliza, "nani alimzika?"

Elvis akasema basi asiandikwe popote. Hapo ndipo Mzee Philemon akafungua mdomo. "Mwandikeni na ndugu zake. Nikimwacha nje, yule mama atanisubiri huko mlangoni." Watu wakacheka.

Kwa hiyo: Mama Christine ameacha mume, Philemon Dzombo; watoto, Linda, Elvis na Griffin; mjukuu mmoja, Joy; na kaka yake, Mwaringa Kalama. Mungu ampokee. Macho yake yamefanya kazi ya kutosha, sasa yapumzike.

Na wewe, ukitoka hapa, piga picha ukurasa huu umtumie kila unayemjua Durban, na anayemjua mtu wa Durban. Griffin hajui kwamba mama yake amekufa. Ukimpata, usimwambie barabarani. Mkalishe kwanza, mpe maji ya kunywa, ndipo umwambie.