Bi Batuli na Kikombe Kinachotoa Jasho

Baada ya kuitumikia ofisi yetu ya nafaka hapa Dodoma kwa miaka ishirini na tisa, Bi Batuli Athuman anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1999. Alianza kama mpiga chapa, ofisi ikiwa bado ya shirika la umma. Anaondoka akiwa mtunza kompyuta wa kampuni binafsi. Mabosi wamebadilika, kibao cha mlangoni kimebadilika, ila Bi Batuli na kanga yake ya begani ni wale wale.

Soko huria lilipokuja, wafanyabiashara wa soko la Kibaigwa walitaka bei mpya za mahindi kila asubuhi. Tukaletewa kompyuta moja, ikawekwa chumba cha uani chenye paa la bati. Kila alasiri ilichemka na kuganda. Bi Batuli, asiyekubali kushindwa na chochote chenye waya, akaagiza kutoka Dar es Salaam kisahani cha umeme cha kupozea: upande mmoja baridi, wa pili moto. Ule wa baridi aliulaza juu ya prosesa, kile kipande cha kompyuta kinachochemka zaidi, ule wa moto akauwekea feni. Kuanzia Mei mashine ilitulia, naye akatamba korido nzima.

Alisahau jambo ambalo mtu wa Dodoma yetu kavu ndiye hulisahau: hewa nayo ina maji. Desemba mvua ya kwanza ikanyesha, sote tukatoka nje kushangilia, kumbe huko ndani kisahani kinatoa jasho kama chupa ya soda baridi. Sponji ya godoro aliyokizungushia ililowa chapachapa, matone yakaingia kwenye saketi, na bei za Kibaigwa hazikutoka. Meneja wetu, Bwana Charles, akaamua kisahani kitupwe na Bi Batuli arudi kwenye taipureta. Ilimuuma sana. Aliomba apewe msimu mmoja tu wa mvua. Akiharibu tena, ataifuata taipureta mwenyewe.

Akapewa. Sponji aliitupa, akakata mpira wa ndala kuizungushia prosesa, na kila upenyo akauziba kwa greisi ili hewa isiguse pale penye baridi. Ndala yenyewe ilikuwa ya kutawadhia ya Mzee Shaban, mlinzi wetu, ambaye siku hiyo alitoka bombani akirukaruka kwa mguu mmoja. Alinunuliwa jozi mpya, lakini hajasahau.

Kisha akaanzisha desturi yake: kila asubuhi, kikombe cha bati chenye maji ya friji mezani, kimpimie unyevu wa hewa. Kikibaki kikavu, kisahani kipoze kwa nguvu zote. Kikitoa jasho, anapunguza umeme wa kisahani kisipoe kupita kiasi. Msimu ukapita, mashine kavu, taipureta ikabaki na vumbi lake. Hata Bwana Charles siku hizi hukichungulia kikombe kabla ya kusaini mahudhurio.

Wiki iliyopita tulitaka kumfungia kikombe hicho kiwe ukumbusho. Akakataa katakata; alisema kibaki ofisini, maana Desemba ipo njiani na yeye hatakuwepo. Tumemnunulia kingine, cha chai.

Bi Batuli, umetufundisha, umetuchekesha, umetufokea, na tunakushukuru kwa yote. Miaka hii mvua ya kwanza ikinyesha, sisi tulikuwa tukikimbilia uani kushangilia, wewe ukikimbilia kwenye mashine roho mkononi. Sasa unarudi shambani kwako Busi. Tunakutakia maisha mema, na safari hii mvua ikinyesha, toka nje nawe ushangilie.