Basili Kimario, Fundi wa Upepo wa Pasua

Basili Ildefonce Kimario, ambaye leo tunamrudisha kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, alizaliwa hapa Kibosho tarehe 14 Juni 1956, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ildefonce na Mama Filomena. Kitinda mimba wa nyumba hiyo ni Jovin, anayesoma maneno haya. Amejiandika kwa jina lake kana kwamba ni mtu mwingine, kwanza kwa kuwa ndivyo wasifu unavyoandikwa, na pili kwa kuwa asingeweza kuyasoma kwa namna nyingine.

Basili alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1965 hadi 1971, kisha akajifunza ufundi wa magari mjini Moshi na kumaliza 1974. Alitengeneza malori ya kahawa hadi 1987, wafanyakazi walipopunguzwa. Mwaka uliofuata alifungua gereji yake mtaa wa Pasua, mjini Moshi, akamchukua Jovin na kumfundisha kazi yote anayoijua. Hakuwahi kumpiga wala kumtukana, jambo ambalo mafundi waliopo hapa wanajua si la kawaida.

Tarehe 4 Septemba 1982 alifunga ndoa na Zita, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, na mtori wa Zita aliusifia kwa kuongeza bakuli.

Magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, mengi yalikuja na AC. Kwetu mlimani hicho ni kichekesho, baridi tunayo ya bure. Gesi iliisha na kompresa zikabaki kwenye injini bila kazi. Mwaka 1994 Basili aliitazama moja, akasema kinachosukuma gesi kitasukuma na upepo. Aling'oa mabomba ya gesi, upande wa kuvuta akafunga chujio la hewa, upande wa kutoa akaunganisha tangi alilolichomelea mwenyewe chini ya gari. Akaweka swichi ya kuzima kompresa tangi likijaa, na valvu ya usalama ya kuachia upepo endapo swichi itagoma. Kila Jumamosi aliitilia kompresa kijiko cha mafuta, kwa kuwa ile gesi iliyokuwa ikiyazungusha haikuwepo tena. Madereva wa kupeleka wageni porini walimpenda sana, maana pancha haikuwatia hofu tena.

Binti yake Violet alipopata Komunyo ya Kwanza, mwaka 1995, Basili alijaza mapulizo arobaini kwa kompresa hiyo. Yalipopasuka yalitema ukungu wa mafuta kwenye magauni meupe ya watoto wote. Zita alifua siku tatu. Baada ya hapo kila tangi lilipata kichujio cha mafuta, na Basili alikuwa akisema kichujio hicho alikivumbua mke wake.

Sasa Jovin anafika mahali ambapo amekuwa akipakwepa kwa miaka sita.

Desemba 1997 ilikuwa ya mvua za El Niño. Watu wote walikuwa wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na njia ya huku juu ilikuwa tope tupu, kwa hiyo madereva walipunguza upepo kwenye tairi ili wapande. Tarehe 24 Jovin alipandisha gari la Mzee Eliezeri Nkya wa Machame, lililokuwa limetoka kufungwa tangi, ili awajazie ndugu tairi zao. Foleni ilikuwa ndefu na valvu ilikuwa ikiachia upepo mapema. Jovin aliona inamchelewesha mbele ya mashemeji kutoka Dar. Aliifungua, akaziba tundu kwa boliti iliyozungushiwa tepu. Alikusudia kuirudisha jioni. Ikaja mbege, ikaja nyama, akasahau.

Tarehe 3 Januari 1998 Basili aliliwasha gari hilo gerejini. Swichi ilikuwa imeingia tope, haikuzima. Tangi lilipasuka na kuondoka na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia.

Kabla Jovin hajafungua mdomo, Basili aliwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyesahau valvu. Jovin alinyamaza. Harusi yake na Pamela ilikuwa tarehe 31 mwezi huohuo, na aliogopa wakwe watasema nini. Basili akiwa na bandeji alichuma jani la isale, akaenda Machame kumwomba Mzee Eliezeri msamaha, maana Mchagga akiletewa isale hakatai. Jovin ndiye aliyemwendesha. Alibaki ndani ya gari akimtazama kaka yake akilishika jani kwa mkono wa kushoto, kwa kosa ambalo si lake. Mzee alisamehe. Lakini maneno yalikwisha kuenea kwamba matangi ya Basili yanaua, na wenye magari wakamkimbia. Alimalizia maisha yake akiziba pancha za baiskeli.

Kisukari kilimpata mwaka 2002, kikafika kwenye figo. Jumapili tarehe 7 Machi mwaka huu, 2004, Jovin alikwenda hospitali, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia yote kuhusu ile valvu.

"Tepu uliizungusha kushoto," Basili alimwambia. "Gereji nzima anayetumia mkono wa kushoto ni wewe. Niliiona siku ileile."

"Sasa kaka, mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uje. Nikasema atakuja baada ya harusi. Halafu nikasema atakuja akipata mtoto. Mimi nilishakusamehe. Watu ndio sijawaambia. Hiyo kazi ni yako."

Alifariki Alhamisi tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba.

Ameacha mama yake Filomena, mjane Zita, watoto Lucky, Violet na Gidioni, na mdogo wake Jovin, aliyeharibu jina lake na kuliacha limeharibika mpaka leo. Mzee Eliezeri, shikamoo. Umekaa hapo mbele na umesikia.

Mungu ampe pumziko Basili Kimario, fundi ambaye hakukosea.