Aliyemlisha Mama Felisita

— Ati hakuwa na mtu. Sasa nani alikuwa anamlisha?

Hidaya aliuliza hivyo, na benchi zima likajitia kupuliza kahawa. Ni benchi la nje ya bucha ya Rashid, Majimbo, Embu. Hapo fundi viatu Mwaniki, maarufu kama Soli, na Njuki wa mitumba, anayeitwa Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, humaliza birika kila asubuhi. Hidaya alikuja na kijitabu cha masista: maisha ya marehemu Mama Felisita, mwanzilishi wa shirika lao, yatima aliyekulia mtaani humu “bila mtu wa kumfungulia mlango.” Maneno hayo yalimchoma. Bibi yake, Bi Shukri, alimlisha yatima huyo supu ya kwato miaka mitatu. Leo huyo ana picha kanisani. Bibi hana hata mstari.

— Njaa ndiyo ilimfanya mtakatifu, akasema Soli.

— Wacha hizo! akasema Hidaya. Wewe umelala njaa mara ngapi? Shirika lako liko wapi?

— Niko nalo. La wenye soli zilizotoboka.

— Ni supu, bana, akadakia Profesa. Ile gundi ya kwato hupanda kichwani, mtu akaanza kuona maono.

— Basi Rashid angeshakuwa askofu! akasema Soli.

— Kanzu ninayo tayari, Rashid akajibu, shoka mkononi.

— Chekeni tu, akafoka Hidaya. Shirika zima limesimama juu ya sufuria ya bibi yangu!

Sista Wambeti wa shirika hilo, aliyekuwa anangoja kupimiwa matumbo, akageuka.

— Pole, dadangu. Kama alitunzwa hivyo, kwa nini aliondoka?

Soli akachungulia kikombe. Profesa akainua birika, akajimiminia.

Hidaya alijua. Mamake alimwambia akiwa kitandani, siku chache kabla ya kufa: yeye mama alipokuwa msichana hakuvumilia kuona mfupa wenye uboho ukipewa mtoto wa watu. Akasingizia kwamba yatima ameiba leso. Bi Shukri akaamini, akamtoa nje. Na wivu uliomkereketa Hidaya tangu asubuhi haukuwa mgeni nyumbani kwao.

Akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

— Keti, Sista. Naomba uandike kwamba bibi yangu alimlisha. Na uandike kwamba mama yangu ndiye aliyemfukuzisha.